Farasi Hasuguliwi kwa Brashi Moja

Katika mazizi mengi ya Nairobi, kuanzia yale yaliyo karibu na uwanja wa mbio wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954 hadi yale ya shule za kufundishia kupanda farasi kule Karen, utakuta ndoo au sanduku la mbao lililojaa brashi za kila namna, na ukiziangalia vizuri utaona kwamba ni moja tu iliyochakaa. Hiyo ni brashi ngumu, yenye nywele ndefu zilizosimama mbalimbali. Mgeni akikabidhiwa farasi wa kusafisha huishika hiyo kwanza kwa sababu inafanana na brashi ya kufulia anayoijua nyumbani, na saisi mwenye haraka huishika kwa sababu inaonyesha kazi upesi. Nimefanya kazi ya usaisi kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo katika jambo hili, nao ni huu: brashi ngumu ndiyo inayopaswa kutumika kidogo kuliko zote, na farasi wengi wanaoitwa wakorofi wakati wa kusafishwa si wakorofi hata kidogo, bali wamechoshwa nayo.

Ngozi ya farasi inahisi kuliko watu wanavyodhani. Nzi akitua ubavuni, msuli mwembamba uliotandazwa chini ya ngozi hutikisika hapo hapo alipotua mpaka nzi aruke. Mnyama anayehisi nzi hawezi kukosa kuhisi nywele ngumu za plastiki zikiburutwa juu ya mbavu zake. Juu ya ngozi hiyo kuna mafuta ya asili ambayo huyapa manyoya mng'ao na kuzuia maji ya mvua yasipenye hadi chini. Pamoja na mafuta hayo kuna mba, jasho lililokauka, vumbi na manyoya yaliyokufa ambayo bado hayajadondoka. Kazi yetu ni kuuondoa uchafu huu na kuyasambaza mafuta, na hakuna brashi moja inayoyaweza yote mawili. Ndiyo maana vifaa hufuatana: cha kwanza hulegeza uchafu, cha pili huupeperusha, cha tatu hutoa vumbi laini na kuyalaza manyoya. Anayeruka hatua ya kwanza na kuanza na ya pili huwa anauhamisha uchafu kutoka bega kwenda ubavu.

Kifaa hicho cha kwanza si brashi hasa, bali ni kitana cha raba, cha mviringo au cha umbo la yai, chenye meno mafupi yaliyo butu na mkanda wa kupitisha mkono. Ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote sandukuni na ndicho nisichokubali kukikosa. Hutumiwa kwa kuzungusha, si kwa kuvuta: unaanza juu ya shingo nyuma ya sikio, unashuka begani, unapita ubavuni na kumalizia kwenye matako, ukizungusha duara ndogondogo zinazoyainua manyoya na kuuleta juu uchafu uliojificha. Penye nyama nene unaweza kukandamiza kwa nguvu kiasi, na farasi wengi hapo hunyoosha shingo, hulegeza mdomo wa juu na kuuchezesha. Tumboni mkono lazima uwe mwepesi. Usoni, juu ya uti wa mgongo, kwenye ncha za nyonga, na kuanzia magotini kwenda chini, ambako mfupa uko karibu sana na ngozi, kitana hakiendi.

Suala la mgongo ni la kale. Xenophon, askari wa Kigiriki aliyeandika kuhusu utunzaji wa farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliagiza kwamba mgongo usiguswe kwa kifaa chochote, bali usuguliwe kwa mkono mtupu kufuata ulalo wa manyoya, ili mahali anapoketi mpandaji pasije pakaumizwa. Aliagiza vilevile kwamba kazi ianzie kichwani na kwenye singa za shingo, kwa kuwa ni bure kusafisha chini ilhali juu kungali kuchafu. Tandiko la leo si kama matandiko ya zama zake, na mimi hupitisha brashi laini mgongoni bila wasiwasi, lakini nikiona mtu anausaga uti wa mgongo wa farasi kwa kitana huwa natamani askari huyo wa kale angekuwepo aseme naye.

Kitana cha raba kina faida nyingine inayohusu jasho. Jasho la farasi lina chumvi nyingi, na ndani yake mna protini iitwayo latherini ambayo hulifanya litoe povu jeupe shingoni na katikati ya mapaja. Likikauka chini ya tandiko au mahali unapopita mshipi wa kulifungia, manyoya hugandamana na chumvi hubaki hapo. Mshipi ukifungwa tena kesho yake juu ya chumvi hiyo, kila hatua ya farasi huisaga kwenye ngozi laini iliyo nyuma ya kiwiko, mpaka siku moja unakuta pamechubuka na mpandaji anauliza kwa nini farasi amekataa kutandikwa. Kwa sababu hiyo, farasi aliyetoka mazoezini hutembezwa kwanza hadi apoe, huoshwa kwa sponji na maji mengi, hukamuliwa maji kwa ubao wa kukwangulia, na akishakauka hupitishiwa kitana hasa pale palipokuwa na tandiko na mshipi. Si kazi ya urembo, na siku ya haraka ndiyo ninayoisisitiza zaidi, kwa maana jasho halijui kwamba mwenye farasi ana mkutano mjini.

Sasa brashi ngumu. Kazi yake halali ni tope lililokauka na uchafu mkubwa uliokwisha kulegezwa na kitana. Maneno mawili hapo ni muhimu: lililokauka, na kulegezwa. Wakati wa mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, farasi anayelala nje hurudi akiwa amejigaragaza, na majaribu ya kumsugua akiwa bado mbichi ni makubwa. Tope likisuguliwa likiwa na maji huingia ndani zaidi, na chembe za mchanga zilizomo humkwaruza farasi kwenye ngozi iliyolainika kwa unyevu. Ama unasubiri likauke, ama unaliosha kwa maji hadi litoke lote na kumkausha vizuri kwa nyasi kavu au taulo. Hakuna njia ya katikati. Udongo mwekundu wa upande wa Karen una hisani yake, kwani ukikauka hupukutika kwa urahisi ingawa huyaachia manyoya meupe rangi ya kutu. Udongo mweusi wa nyanda za Athi hauna hisani hiyo. Huganda kwenye miguu kwa mabonge, na mtu akilivuta bonge kwa brashi hung'oa manyoya pamoja nalo. Bonge kama hilo livunjwe kwanza kwa vidole.

Mwendo wa brashi ngumu ni mfupi, unaotoka kwenye kifundo cha mkono: unagusa, unavuta kidogo kufuata ulalo wa manyoya, kisha unainua ncha ili vumbi liruke mbali na farasi. Ukiiburuta kwa mkono mzima huku umeikandamiza, vumbi linabaki na farasi anakunja ngozi. Haipiti usoni, haipiti tumboni wala katikati ya mapaja, wala haimgusi farasi aliyenyolewa manyoya. Farasi wa mbio, ambao takriban wote ni wa uzao wa Kiingereza uitwao Thoroughbred, wenye ngozi nyembamba na manyoya mafupi, hawaihitaji sana hata mahali pengine. Wengi wao hutosheka na kitana cha raba cha meno laini na brashi ya nywele za ugumu wa kati. Ukimwona farasi wa namna hiyo akilaza masikio nyuma, akipunga mkia na kugeuza kichwa kana kwamba anataka kuuma mara tu sanduku linapofunguliwa, kabla hujamwita mbaya angalia ni brashi ipi iliyo juu.

Brashi inayoleta mng'ao ni ile laini, pana, yenye nywele fupi zilizobanana sana. Watu huipitisha mara mbili tatu mwishoni kama kumpaka farasi baraka, kisha hushangaa kwamba hang'ai. Brashi hii inahitaji mwili wa saisi. Unasimama mbali kidogo na farasi, mkono umeunyoosha bila kuukaza, na unaegemea ili uzito wako ndio uzipeleke nywele za brashi hadi kwenye ngozi, kisha unavuta mkupuo mmoja mrefu kufuata manyoya. Upande wa kushoto wa farasi unaishika kwa mkono wa kushoto na upande wa kulia kwa mkono wa kulia. Mkono wa pili hushika kitana cha chuma, na hapa ndipo kifaa hicho kinapopata kazi yake. Kitana cha chuma hakimgusi farasi kamwe. Kimetengenezwa kuisafisha brashi. Kila baada ya mikupuo minne au mitano unaikwaruza brashi juu ya meno yake, na mara kwa mara unakigonga sakafuni ili kidondoshe vumbi la kijivu lililojaa. Rundo hilo dogo la vumbi ndilo linalokuambia kama umefanya kazi. Likiendelea kuwa kubwa, bado hujamaliza, hata kama farasi anaonekana safi.

Kumsafisha hivyo farasi mmoja anayelala bandani huchukua si chini ya nusu saa, na mtu mwenye farasi watatu wa kutunza asubuhi hana muda huo kabla ya mazoezi. Desturi iliyozoeleka ni nzuri: alfajiri hufanywa usafi wa haraka wa macho, pua, kwato na madoa ya usiku, na usafi kamili huja baada ya mazoezi, wakati mwili una joto na ngozi inaachia uchafu kwa urahisi. Farasi anayeishi malishoni siku zote ni habari nyingine. Huyo asisafishwe kwa brashi laini hadi ang'ae, kwa kuwa mafuta unayomwondolea ndiyo koti lake la mvua. Mpitishie kitana, mwondolee tope, safisha mahali pa tandiko, kagua kwato, umrudishe. Nimesikia wenye farasi wakilalamika kwamba saisi ni mvivu kwa sababu farasi wa malishoni ana vumbi chini ya manyoya, na pengine saisi huyo ndiye aliyekuwa anafanya jambo sahihi.

Kupukutika kwa manyoya nako hutofautiana na vile vitabu vya Ulaya vinavyoeleza. Kule farasi hubadili manyoya hasa kwa kufuata urefu wa mchana, hivyo inapoingia majira ya kuchipua hupukutisha koti zima la baridi kwa wiki chache. Hapa karibu na ikweta mchana haurefuki wala kupungua kwa kiasi cha kuonekana, na manyoya hudondoka kidogokidogo, kwa hiyo vyuma vya kukwangulia manyoya ya baridi vinavyouzwa kwa wapenda farasi wa huko havina kazi kubwa kwetu. Mwenye fedha kidogo anunue kitana cha raba, brashi laini, kulabu ya kwato na sponji mbili za rangi tofauti. Mengine yatafuata.

Nimetaja sponji mbili kwa sababu moja ni ya macho na pua, nyingine ni ya chini ya mkia, na hazibadilishani kazi. Usoni hutumika brashi ndogo iliyo laini kuliko zote, ukiwa umesimama pembeni na si mbele yake kabisa, na hatamu ikiwa imelegezwa. Ndevu ndefu za mdomoni na zile zinazozunguka macho ziachwe. Farasi hawezi kuona kilicho chini ya pua yake, na ndevu hizo ndizo zinazompa habari ya umbali wa chakula na ukuta. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, tangu tarehe 1 Julai 2021 haliruhusu farasi aliyenyolewa ndevu hizo kushindana katika mashindano yake. Singa za mkia nazo hutenganishwa kwa vidole, chache chache, kabla ya kupitishiwa brashi laini kuanzia ncha kwenda juu. Brashi ngumu huzikata, na singa iliyokatika karibu na shina huchukua miaka kurudi urefu wake.

Kwato husafishwa kwa kulabu kuanzia kisigino kwenda ncha, ili chuma kikiteleza kisichome ile pembetatu laini ya katikati. Harufu mbaya na ute mweusi kwenye mifereji iliyo kandokando ya pembetatu hiyo ni dalili ya kuoza kunakoletwa na banda chafu na lenye unyevu, wala hakuna brashi itakayoponya hilo kama sakafu haijabadilishwa.

Kusafisha ndiko kunakompa saisi nafasi ya kumgusa farasi kila mahali kila siku, na katika nchi yenye kupe nafasi hiyo ina thamani yake. Kupe wa miguu myekundu, Rhipicephalus evertsi, ana tabia ya kujificha: akiwa mchanga hukaa ndani kabisa ya sikio, na akishakomaa hupenda chini ya mkia na kuzunguka mkundu. Brashi haifiki huko. Vidole vinafika. Kupe huyo hueneza Theileria equi, kijidudu kinachoharibu chembe nyekundu za damu, na farasi aliyeambukizwa huanza kwa homa na kukosa hamu ya kula kabla hajageuka manjano kwenye macho na fizi. Saisi anayepapasa masikio na shina la mkia kila jioni humwokolea mwenye farasi gharama ambayo hatajua kamwe kwamba ilikuwa inakuja. Hali kadhalika joto lisilo la kawaida mguuni, uvimbe mdogo chini ya tandiko, au mahali ambapo jana palikuwa sawa na leo farasi anaruka pakiguswa.

Farasi wenyewe husafishana. Wawili husimama wakiwa wameelekeana ubavu kwa ubavu, kila mmoja akimkuna mwenzake kwa meno pale shingo inapoungana na mabega. Mwaka 1993 Claudia Feh na Jeanne de Mazières walichapisha uchunguzi wao juu ya farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa: walipomkuna farasi mahali hapo wanapopapenda, mapigo ya moyo wake yalipungua, na walipomkuna mahali pengine hayakupungua. Kwa farasi mpya au mwenye hofu mimi huanza hapo kwa kitana cha raba, bila kujali usafi kwanza, na sihamii ubavuni mpaka ashushe kichwa. Dakika mbili tatu hizo hurudi zenyewe baadaye, kwa kuwa farasi aliyetulia husafishwa upesi.

Limebaki jambo ambalo ningelitilia mkazo kuliko aina yoyote ya brashi, yaani kwamba kila farasi awe na zake. Bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis, ambaye alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1915 na Van Saceghem kutokana na ng'ombe wa Kongo ya Wabelgiji, huwashambulia farasi hasa nyakati za mvua. Huleta vigaga mgongoni na kwenye matako, na ukikigusa kigaga hung'oka pamoja na kishungi cha manyoya. Unyevu na mikwaruzo midogo ya ngozi ndiyo mlango wake, na brashi ngumu iliyotumika kwa farasi mwenye ugonjwa na kisha kwa mzima huuhamisha ugonjwa na kuufungulia mlango kwa wakati mmoja. Choa huenea kwa njia hiyo hiyo, mbegu za kuvu wake zinaweza kudumu kwa miezi mingi kwenye brashi na mbao za banda, na binadamu naye huupata mikononi. Farasi mwenye dalili hizo asipigwe brashi kabisa mpaka daktari wa mifugo amwone. Katika mazizi yenye farasi wengi inatosha kuzungushia utepe wa rangi kwenye vifaa vya kila mmoja na kumwambia kila anayeingia, awe saisi, mwanafunzi au mwenye farasi mwenyewe, kwamba rangi hazichanganywi.

Brashi zenyewe huoshwa angalau mara moja kwa wiki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha dawa ya kuua viini inayofaa kuvu, halafu husuuzwa sana ili dawa isibaki na kumchoma farasi. Zile zenye mgongo wa mbao hazilowekwi. Unachovya nywele tu, kwa maana mbao ikinywa maji hupasuka na nywele hulegea. Kung'uta maji, ziweke zikiwa zimeangalia chini juu ya waya au ukingo wa ndoo mahali penye upepo, na usizirudishe sandukuni zikiwa na unyevu hata kama zamu yako imekwisha, kwani sanduku lililofungwa na brashi mbichi ndani yake ni mahali pazuri mno pa kuoteshea kuvu uliyekuwa ukijaribu kumwosha.